Masaa Kumi na Mawili

Nyumbani,
kwenye meza ya pasi.
Ijumaa jioni, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo? Wifi yangu anaendeleaje huko kitandani alikolazwa? Mtoto bado anampiga mateke? Mwambie avumilie, ambao hawapigi mateke ndio wa kutia wasiwasi. Na wewe unalala kidogo, au bado unatoka kazini usiku unaingia jikoni moja kwa moja? Najua haya yote nitakuwa nimeshayauliza kwa simu kabla hujaifungua hii karatasi, lakini baba alitufundisha kwamba barua isiyo na salamu ni notisi ya mwenye nyumba, na mimi sitaki kukupa notisi.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako yupo na majokofu ya watu. Juzi kapigwa shoti na friji la bucha, akarudi nyumbani anatetemeka, na cha kwanza alichouliza ni kama chai ipo. Watoto wazima, wanakula kama wameajiriwa kazi hiyo. Duka la dobi linakwenda, mashati hayaishi, na mvuke wa pasi umenifanya uso laini kuliko wa wasichana. Kwa hiyo mwili wangu mzima. Roho ndiyo haipo mahali pake. Naogopa, Kitinda. Nilitaka kulificha hilo hadi chini ya ukurasa, lakini unanijua, mimi jambo halikai mdomoni.

Barua hii utapewa na mama mwenyewe, mkono kwa mkono, akishafika. Nimeiandika kwa sababu aliniapisha kwa jina la baba nisikupigie simu kukueleza haya. Nimeapa, na simu sijapiga. Kuandika hakunikataza. Nilipomwambia nakuandikia, alifikiri kidogo akasema sawa, andika unavyotaka, atasoma nikiwa nimeshaketi kwake. Mama yetu ni mjanja, wewe na mimi ni watoto wadogo tu.

Sasa nisikilize. Unaukumbuka ule mguu wake wa kushoto, mwaka jana ulivyovimba ukawa kama si wake, akalazwa. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Daktari alitwambia kile kipande kikibanduka kikapanda kwenye mapafu, hapo hakuna wa kumlaumu wala wa kumkimbilia. Tangu siku ile mimi mama akikaa kwenye kiti kwa muda, namtafutia kazi ya kumwinua. Namtuma chumvi ambayo ninayo.

Kwa hiyo tiketi uliyotuma ilipofika, sikukimbilia kushangilia. Nilimpeleka kwanza kwa daktari yule yule. Akamgusagusa mguu, akaniuliza safari ni ya saa ngapi. Nikamjibu bila kumeza mate kwamba ni saa tano. Akasema chini ya saa sita hana neno, zaidi ya hapo asingekubali, akamwandikia cheti cha ruhusa, tukatoka tunacheka. Mama alicheka pia. Kumbuka hapo kwamba alicheka pia, nitarudi.

Utaniuliza hizo saa tano nilizitoa wapi. Nilizitoa kwenye tiketi yako, na kwenye mdomo wako. Shemeji yako aliisoma tiketi akiwa amevaa miwani yake ya kuchomea: inaruka saa nne asubuhi, inatua saa tisa alasiri, siku hiyo hiyo. Hesabu ya mtoto wa chekechea. Saa tano. Na wewe ulikuwa umeniambia kwa simu, nakumbuka neno kwa neno, "Dada, mwambie mama asihofu, ni saa kumi na mbili tu, halafu yuko kwangu." Basi sisi tukapanga: anatua saa tisa, wanakagua pasipoti, anasubiri sanduku lake, unamchukua na gari, foleni za huko nasikia ni ndefu, na ikifika saa kumi na mbili jioni yuko kwako ameketi. Kila kitu kikaingia mahali pake kama kifungo kwenye tundu. Nani angeshtuka?

Kumbe wewe ulikuwa unanihesabia safari, na mimi nilikuwa nakusomea saa ya ukutani.

Na wa kulaumiwa ni baba, Mungu amrehemu. Nani alikuwa anasema "masaa" nyumbani kwetu? Wanafunzi hawakumwita Mwalimu Kamusi bure. Saa ni saa, alikuwa akisema, iwe moja au ziwe mia, na aliyekosea alisimama mlangoni hadi aiseme sentensi upya, hata kama ugali unapoa na wenzake wanammalizia. Wewe ulisimama pale kuliko wote. Dunia nzima inasema masaa, makondakta wanasema masaa, wachungaji wanasema masaa, wewe uko ughaibuni miaka tisa na bado unaogopa kusema masaa kumi na mawili kwa dada yako kwenye simu! Ungesema masaa, ningejua siku ile ile. Kuanzia hapa mimi naandika masaa. Baba anisamehe, sitaki kukosea mara ya pili.

Nilivyojua ni hivi. Jumanne alikuja dukani yule mteja wangu ambaye huleta sare zake za kazi, mhudumu wa ndege, mrefu, anatembea kama sakafu inamsubiri. Sisi dukani tunamwita Bi Mawingu. Nikamwambia, na kifua mbele, mama yangu anapanda ndege Jumamosi kwenda kwa mdogo wangu. Akauliza wapi, nikamtajia. Akasema, "Aa, ile njia naijua, nimeifanya sana. Mwambie mama achukue shali, maana tukishawapa chakula cha kwanza tunafunga madirisha, tunazima taa, watu wanalala." Nikacheka. Nikamuuliza, mchana kweupe watu wanalala nini, safari yenyewe masikini ni ya saa tano. Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Dada, saa tano? Ile ni masaa kumi na mawili hewani bila kutua. Unafika saa tisa ya kwao. Kwenu hapa itakuwa imeshaingia saa nne usiku."

Pasi ilikuwa juu ya shati la yule mwanasheria wa ghorofani. Sikuikumbuka hadi niliposikia harufu. Imeacha alama ya kahawia mgongoni, umbo kamili la pasi, ungedhani muhuri. Amenitukana kwa lugha ya mahakamani na nimemlipa. Lakini siku ile sikuliona hata hilo shati. Nilikuwa nauona mguu. Mguu wa mama umening'inia kwenye kiti chembamba, kwenye giza, juu ya maji, masaa kumi na mawili, na mimi ndiye niliyemwambia daktari tano.

Jioni shemeji yako alichukua uzi mweupe dukani kwangu akaupima kwenye ramani ya kalenda, ukutani, toka kwetu hadi kwako. Akapata kilomita elfu kumi na ushei. Akasema ukiangalia kwenye karatasi si mbali hivyo. Nikamtazama, akaurudisha uzi alikoutoa. Unajua mimi miaka yote hii umbali wako nilikuwa naupima kwa kile kimya cha kwenye simu. Nauliza hujambo, kinapita kimya kidogo, halafu unajibu sijambo. Nikasema kumbe hapo tu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukaa kitako ndani ya kile kimya kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Sasa turudi kwa mama. Nilikwenda nyumbani mbio, nikamkuta anakunja kanga za kumletea wifi. Nikamweleza nikiwa sijavuta pumzi. Nikategemea atapiga kelele, au atakaa chini. Akaendelea kukunja. Akasema, "Najua."

Nikamwambia unajua nini, mama? Akanijibu bila hata kunitazama: "Mwanangu nampigia nikinywa chai ya asubuhi, na yeye ndiyo kwanza anavua viatu alale. Miaka tisa. Unafikiri nilidhani amehamia mtaa wa pili?" Nikamuuliza, kwa hiyo siku ile kwa daktari ulijua? Akasema, "Daktari alikuuliza wewe. Mimi niliulizwa?"

Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Kesho yake nikamburuta hadi kwa daktari tena, nikasema ukweli mbele yake. Daktari alifungua faili lake upya. Akasema angejua tangu mwanzo angekataa, na hata sasa hawezi kusema ndiyo. Anachoweza ni kupunguza hatari: sindano asubuhi ya safari, soksi za kubana hadi magotini, kiti cha pembeni ya njia, maji mengi, na kila lisaa asimame atembee. Halafu akafunga faili akasema uamuzi ni wa familia. Familia! Wewe huruhusiwi kuambiwa, shemeji yako anasema atakubaliana na mimi, na mama kashaamua toka zamani. Familia ilikuwa ni mimi peke yangu kwenye lile benchi.

Basi nikafanya nilichoweza. Nilichukua pasipoti yake nikaenda kuificha dukani, katikati ya mashuka ya nyumba ya wageni, rafu ya juu kabisa. Nikasema Jumamosi ipite, tugombane, tununiane mwaka mzima, lakini awe hai. Na ningefanya hivyo, Kitinda, usidhani natania. Ningekuacha na mkeo kitandani, na zamu zako, na huyo mtoto mnayemlinda kama yai baada ya yule wa kwanza kutoka. Ningewaacha. Nilikuwa nimeogopa kiasi hicho.

Mama hakuitafuta. Hakuuliza hata. Jana mchana akaja mwenyewe dukani, akavuta kile kigoda changu, akakaa, mimi nikiwa napiga pasi. Akaniambia kitu ambacho sijui kama wewe unakijua. Mimi sikukijua hadi jana, na nina miaka arobaini na sita.

Aliniambia kabla yangu alikuwepo mwingine. Wa kiume. Mama alikuwa msichana, ameolewa mbali na kwao, mimba ikamlaza chini kama ilivyomlaza wifi. Akatuma ujumbe mama yake aje. Bibi hakuja. Alisema njia ni ndefu na yeye anaumwa mgongo, atakufa njiani. Mtoto akazaliwa kabla ya wakati, hakuna mtu mzima ndani ya nyumba zaidi ya baba aliyekuwa hajui hata maji yanachemshwa kwa ajili gani. Hakuishi hadi jioni. "Na mama yangu," aliniambia, "aliishi miaka thelathini baada ya hapo. Na kila tulipoonana aliniambia angekuja."

Basi. Hakulia wala hakuniomba. Alisimama, akazunguka meza mara mbili kwa ajili ya mguu, akaenda zake.

Nilipanda juu ya kiti nikaitoa pasipoti kwenye mashuka. Inanuka sabuni hadi sasa, wakikuuliza huko uwanjani waambie ni ya dobi.

Tangu jana anafanya mazoezi. Utacheka. Ameliweka lile kochi moja la sebuleni likiangalia ukuta, anakaa mkoba mapajani, miguu pamoja, hasemi na mtu. Kila akitimiza lisaa anainuka, anakwenda hadi kwenye friji, anarudi. Watoto walimuuliza Bibi unafanya nini, akawajibu yuko hewani wasimsumbue. Mdogo wao akamletea maji kwenye sinia, akimwita abiria. Wote tulicheka. Halafu nikamwona alivyoshika ile mikono ya kochi, akidhani tumeshaondoka. Alikuwa ameishika kwa nguvu, Kitinda, na kochi halikuwa linaenda popote.

Sasa sikia maagizo, na haya usiyasome haraka. Hatari haishuki kwenye ndege pamoja naye. Daktari amesema inaweza kumfuata hata wiki kadhaa. Kila asubuhi tazama mguu wa kushoto, ulinganishe na wa kulia. Ukivimba, ukiwa wa moto, akisema unavuta, usisubiri zamu iishe. Akianza kuhema kwa shida au kifua kikimchoma, hospitali dakika ile ile, na uwaambie neno la kwanza kabisa kwamba aliwahi kuganda damu mguuni. Atakuambia ni uchovu. Usimwamini. Huyo mwanamke alimdanganya daktari kwa kukaa kimya tu.

Na usimruhusu asimame jikoni kutwa nzima akijifanya kijana. Akae na wifi, wazungumze. Nadhani ana mambo ya kumwambia ambayo mimi na wewe si wa kuambiwa. Kurudi kwake tutakupangia vizuri, kwa vituo viwili vitatu njiani, na kwa masaa.

Shemeji yako anakusalimu, anasema friji lako likikusumbua lipige teke upande wa nyuma, chini kulia. Watoto wanakusalimu, mkubwa anaomba viatu, mimi sijamtuma. Mama mkubwa anakusalimu na anasema umemsahau. Fundi viatu wa hapa mlangoni kwangu, mliyesoma naye, anakusalimu pia. Mpe wifi mkono wangu, umwambie nampenda, na huyo mtoto akitoka salama nitampigia pasi nguo zake zote hadi aoe. Mungu akulinde, awalinde nyote mliomo ndani ya hiyo nyumba, na amfikishe kwako yule aliyeibeba barua hii.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokufokea.

*

Kitinda, nimeifungua tena bahasha. Ni Jumamosi, tuko uwanja wa ndege, naandikia gotini.

Amechomwa sindano. Amevaa zile soksi, na gauni lake la bluu, na shali ya Bi Mawingu, ambaye jana jioni kaileta mwenyewe dukani akakataa nimfulie sare zake bure kama malipo. Amepata kiti cha pembeni. Shemeji yako anamwuliza mara ya tano kama ana cheti. Daktari hakuandika kingine, kwa hiyo kile kile cha saa tano ndicho alichonacho mkobani, msije mkamwonyesha mtu.

Huku pana baridi na sauti kubwa. Kila ubao unaandika miji na saa, miji na saa, na mimi sasa siziamini hata moja. Nikimtazama nataka kumchukua nyumbani.

Ameniuliza naandika nini tena, nikamwambia namalizia salamu. Akaniinamia sikioni akasema nisilie mbele za watu. Akasema, "Masaa kumi na mawili si mengi, mwanangu."

Masaa, Kitinda. Mama! Miaka yote ile na Mwalimu Kamusi, na yote aliyokaa bila yeye, sijawahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake hata kwa mzaha. Hakujua kama amelisema. Nikamshika mkono, wa baridi kama bomba. Ndipo nikajua anaogopa kunishinda mimi, na anaenda hivyo hivyo.

Wanaita. Nakunja.

Kama umefika mstari huu, basi yupo hapo mbele yako, anajifanya hakuangalii unavyosoma. Inua macho umtazame. Kisha nipigie, nimekaa na simu mkononi.